Paka Akijificha, Mtazame

Msomaji mpenzi, wiki hii tuzungumze habari za paka. Huenda utasema, “Paka naye ana habari gani?” Lakini waulize wenye mahindi ghalani, kuanzia Same mjini kwenye joto mpaka vijiji vya baridi chini ya kilele cha Shengena. Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Tena paka aweza kuondoka hali bado yumo nyumbani: amelala mgonjwa, na panya wanapita mbele yake.

Mbuzi akiugua, mchungaji humwona upesi, kwa maana hubaki nyuma ya wenzake. Paka sivyo. Yeye huficha maumivu yake. Hata kukoroma kwake unapompapasa si dalili ya uzima, kwani paka mgonjwa naye hukoroma. Basi usingoje alie. Zijue desturi zake angali mzima, ndipo utatambua siku zitakapobadilika.

Kwanza, chakula. Paka asiyekula siku nzima ana jambo. Akipitisha siku mbili tatu bila kula, ini lake laweza kuharibika, hasa kama alikuwa mnene.

Pili, manyoya. Paka mzima hujilamba kila siku. Ukiona manyoya yamesimama, yamechafuka na kushikamana, ujue hana nguvu au ana maumivu.

Tatu, macho na fizi. Utando mweupe ukifunika jicho kutoka upande wa pua, hiyo ni dalili mbaya. Fizi nazo zikiwa nyeupe au za manjano, usikawie.

Nne, pumzi. Hesabu kifua chake akiwa amelala. Kwa kawaida huvuta pumzi 15 hadi 30 kwa dakika. Paka anayehema kwa kinywa wazi hali ametulia yu hatarini.

Tano, mkojo. Dume akichuchumaa mara kwa mara, akilia, na mkojo hautoki, huenda njia imeziba. Huyo asipopata msaada aweza kufa kwa siku mbili au tatu.

Mlimani paka hupenda kulala karibu na meko, na huo si ugonjwa. Lakini yule aliyezoea meko akihamia chini ya kitanda au kichakani, mfuate ukamtazame.

Akina mama, angalieni dawa. Msimpe paka Panadol wala kidonge cho chote chenye parasetamoli. Hata kimoja chaweza kumwua. Sumu ya panya nayo humpata paka alaye panya aliyeila. Nyingine huzuia damu kuganda, na dalili huonekana baada ya siku kadhaa: unyonge, fizi nyeupe, damu puani au katika choo.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Ugonjwa wa paka waweza kuwa ugonjwa wa nyumba nzima. Paka mpole akigeuka ghafula kuwa mkali, akitokwa mate na kushindwa kumeza, fikiri kichaa cha mbwa. Usimtie mkono kinywani. Akimwuma au kumparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile apate chanjo. Usingoje dalili, kwa maana zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni shida kabisa.

Tena jirani zetu wa milima ya Usambara wanaijua tauni. Kuanzia mwaka 1980 iliwashika watu wengi wilayani Lushoto. Ugonjwa huo ni wa panya na viroboto, na paka naye huupata. Ukiona panya wanakufa ovyo, na paka ana homa na uvimbe chini ya taya, usimkumbatie. Waondoe watoto karibu naye, ukatoe habari zahanati na kwa bwana mifugo upesi.

Basi, msomaji, siku mbwa wa kijiji wanapopelekwa kuchanjwa kichaa, mtie paka wako kikapuni umpeleke naye. Na jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mtazame kidogo: amekula? Amejilamba? Yuko mahali pake? Ni kazi ya dakika moja tu.