Kifusi cha Galula na Ziwa Lisilo na Mlango

Mito iitwayo Songwe ni miwili, na wageni wengi huichanganya. Mmoja hushuka hadi Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi. Wa pili hushika njia ya kaskazini-magharibi, ukapita jirani na Galula, ukaishia katika Ziwa Rukwa. Maji ya Nyasa yana njia ya kutokea, kwani Mto Shire huyachukua hadi Zambezi, na Zambezi ikayafikisha Bahari ya Hindi. Ilhali Rukwa ni ziwa lisilo na mlango, ambalo maji yake hayana pa kwenda ila kupaa kwa mvuke, yakaacha nyuma chumvi na kila kilichoyeyuka ndani yake. Mintarafu ya makaa ya mawe ya Galula, ambayo wanajiolojia wameyahesabu tangu zamani miongoni mwa makaa ya tabaka za Karoo, naona hilo ndilo la kutiwa akilini mwanzo, kabla ya hesabu ya tani na ya shilingi.

Maana mwenye kuchimba makaa huchimba kifusi kwanza. Udongo na miamba iliyoyafunika, makaa duni yasiyo na mnunuzi, na tope la kuoshea, aghalabu hupita kwa wingi makaa yenyewe, na vyote hivyo havina budi kupata pa kukaa. Chukua bonge moja ulielekeze juani: huenda ukaona vimeta vya manjano vilivyotawanyika katika ule weusi, ambavyo wachimbaji wa Saza na Mkwajuni, waliozoea dhahabu, hawadanganyiki navyo. Hiyo ni pairaiti, chuma kilichoshikana na salfa. Maadamu imefunikwa ardhini haina neno. Ikipigwa na hewa na mvua huzaa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini mengine, arseniki ikiwemo, iliyoyakuta mawe­ni, ikayapeleka mtoni. Dalili yake ya awali ni utando wa rangi ya kutu unaoshika mawe ya kijito, ambao ukiusugua kwa kidole huteleza kama uji wa ulezi uliopoa. Si makaa yote yenye pairaiti kwa kiasi kimoja, na kwa sababu hiyo kifusi chapasa kupimwa maabara kabla shimo halijafunguliwa, wala si baada ya samaki kuonekana wakielea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mgodi mkubwa, na kwamba lundo la mawe ni lundo tu. Lakini tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, lundo la kifusi cha makaa lililowekwa mlimani, juu ya chemchemi, lililowa likaporomoka asubuhi, wakati wanafunzi ndio kwanza wameingia madarasani. Wakafa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Wenyeji walikuwa wamekwisha kulalamika. Tume iliyochunguza msiba ule haikuilaumu mvua: iliilaumu bodi ya taifa ya makaa, ambayo haikuwa na utaratibu wowote wa kuchagua pa kuweka malundo yake wala wa kuyakagua.

Sisemi Galula isichimbwe. Pande hizi zinaijua kazi ya makaa tangu mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulipoanza uzalishaji mwaka 1988, na viwanda vyetu vya saruji vina haja ya moto. Wala sheria si haba: ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yataka tathmini ya athari, na ile ya Madini ya 2010 yataka dhamana ya fedha za kuirudishia ardhi hali yake. Ninachokitaka ni kwamba dhamana hiyo ilipwe kamili kabla ya tani ya kwanza kutoka, ikokotolewe kwa gharama ya kufunga mgodi leo na kuyalinda maji miaka mingi baada ya mwenye leseni kuondoka. Na kwamba kifusi kirudishwe shimoni kadiri uchimbaji unavyosonga mbele, na kisichorudi kilazwe mbali na mikondo ya maji, juu ya sakafu ya udongo wa mfinyanzi, kimezungukwa na mitaro, na kichanganywe na chokaa, ambayo kwa neema ya Mungu haiko mbali katika bonde hilohilo la Songwe.

Ardhi ya huko ni yenye amana. Katika mawe mekundu yaliyopewa jina la Galula, wataalamu walikuta mifupa ya mnyama wa jamii ya mamba, mwenye meno mithili ya mamalia, wakamwita Pakasuchus kwa neno letu la paka. Alikuwa amelala humo takriban miaka milioni 100. Tukizika arseniki katika bonde hilo, na ziwa likaipokea, ni nani atakayeitoa?

Basi mahali pa kifusi pasiamuliwe kwenye ramani iliyofungiwa kabatini Dodoma. Vigingi vipigwe ardhini, mkutano mkuu wa kijiji uitwe papo hapo penye vigingi, wakulima na wafugaji waoneshwe maji ya masika yatashukia wapi, na wavuvi wa Rukwa, ambao hakuna mwenye leseni anayewakumbuka kwa kuwa wako mbali, waletwe kwa gari wayaone pia.