Machakos: Anayerudi kutoka ng'ambo na kitendawili cha ardhi

MWENYEJI wa Machakos aliyeishi ng'ambo miaka ishirini akirejea leo haukuti mji aliouacha. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mnamo 2013, mji huo ulio takriban kilomita 60 kutoka Nairobi umepata bustani ya kupumzikia na uwanja wa michezo uliokarabatiwa. Mabadiliko hayo huzoeleka upesi. Linalomkosesha usingizi anayerudi ni ardhi.

Pesa zake zilitangulia zamani. Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha kwamba Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Pesa hufika kwa simu kwa dakika chache, ilhali mwenyewe hukaa miaka mingi bila kukanyaga kijijini. Kiwanja hununuliwa na ndugu, ujenzi husimamiwa na binamu, nayo hatimiliki huaminiwa kwa kuonekana pichani tu.

Yaliyotokea Mavoko, katika kaunti hiyo hiyo, yanaonyesha hatari iliyopo. Mnamo Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa nyumba za watu walioamini wamenunua viwanja kihalali, baada ya mahakama mjini Machakos kuamua kwamba ardhi hiyo ya zaidi ya ekari 4,000 ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Ikiwa waliokuwa wakiishi papo hapo hawakung'amua kasoro, aliye Boston au Doha ataing'amua vipi?

Kuna pia suala la uraia, ambalo wengi hulipuuza. Kabla ya Agosti 2010, mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza ule wa Kenya. Katiba mpya iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini aliyeupoteza awali sharti aombe kurejeshewa. Asipoomba, sheria humhesabu kuwa mgeni, na Kifungu cha 65 humruhusu kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ni ajabu kwa mtu ambaye kitovu chake kilizikwa Masii au Kangundo!

Hata hivyo, stakabadhi pekee hazimrejeshi mtu kwao. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi wa kuchonga vinyago. Ufundi huo ulienea kwa majirani, na hadi leo Wamunyu inajulikana kwa uchongaji. Wanaorudi siku hizi aghalabu hujulikana kwa nyumba ya ghorofa yenye lango la chuma, ambayo kwa miaka mingi imelindwa na bawabu.

Ndugu aliyebaki ndiye aliyechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, akashiriki kazi za mwethya na kuwauguza wazazi. Kwake, shamba ni jasho lake. Kwa aliye ng'ambo, ni urithi uliomngoja, tena uliotunzwa kwa pesa alizotuma. Kila mmoja ana hoja yenye uzito. Mazungumzo hayo yangefaa kufanyika mzee angali hai na anaweza kuonyesha mipaka kwa mkono wake. Katika familia nyingi huahirishwa hadi matangani, wakati aliyetoka ng'ambo ana siku chache tu kabla ya ndege yake kuondoka.