Taarifa za mazingira za migodi zifike kijijini

Kila mwaka migodi mikubwa ya nchi hii huandika taarifa nyingi. Huandika juu ya dhahabu na almasi iliyopatikana, kodi iliyolipwa, ajali zilizotokea na miti iliyopandwa, na siku hizi huandika pia kiasi cha gesijoto kilichotoka katika jenereta na malori yake. Baadhi ya taarifa hizo hupelekwa serikalini kama sheria inavyotaka. Nyingine hupelekwa kwa wenye hisa walioko ng'ambo. Mahali ambapo hazifiki kwa urahisi ni ofisi ya kijiji kinachopakana na mgodi wenyewe. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili waziwazi, hasa na watumishi wa umma na walimu, kwa kuwa wao ndio mwanakijiji anaowaendea anapoletewa karatasi asiyoielewa.

Asije mtu akasema kwamba tunadai jambo jipya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilitamka kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo ilimpa mwananchi haki ya kupata habari za mazingira, ikaweka maofisa wa mazingira katika halmashauri, na ikateremka mpaka kwenye kamati za vijiji. Kanuni za mwaka 2005 zikataka tathmini ya athari kwa mazingira iambatane na muhtasari ulioandikwa kwa Kiswahili pia, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Bunge likatunga tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Kwa upande wa sheria, basi, nchi yetu haina sababu ya kuona haya mbele ya mataifa yanayojiita yaliyoendelea.

Lakini tathmini hufanywa mwanzoni, kabla mgodi haujaanza. Mgodi huishi miaka kumi, ishirini au thelathini baada ya hapo. Katika miaka hiyo yote kinachomhusu mwananchi ni vipimo vya kila mwezi na ukaguzi wa kila mwaka: maji ya kisima yana uchachu kiasi gani, bwawa la topesumu limejaa kufikia wapi, vumbi ni kiasi gani. Hayo ndiyo yanayobaki katika majalada, yameandikwa kwa Kiingereza kizito, na mara nyingi yameandikwa na wataalamu wanaolipwa na mgodi unaokaguliwa. Hatusemi kwamba wataalamu hao si waaminifu. Tunasema kwamba taarifa isiyosomwa na mtu mwingine yeyote zaidi ya aliyeiandika na aliyeipokea haiwezi kusahihishwa na yeyote.

Mfano wa kutisha ulitokea Brazil. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya chuma la kampuni ya Vale lilipasuka karibu na mji wa Brumadinho na kuua watu 270. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi huo huo, na jengo lao la chakula lilikuwa chini ya bwawa, katika njia ya tope. Bwawa lile halikuwa limesahauliwa na wakaguzi. Miezi michache tu kabla ya maafa, Septemba 2018, kampuni ya ukaguzi ya Kijerumani, TÜV SÜD, ilikuwa imelipatia cheti cha uimara. Kwa mujibu wa makaratasi, masharti yote yalikuwa yametimizwa.

Wapo watakaosema kwamba Brazil ni mbali. Chambishi si mbali. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya shaba la kampuni ya Sino-Metals lilibomoka huko Zambia, maji ya asidi yakaingia katika kijito cha Mwambashi na kisha Mto Kafue, samaki wakafa, na wakazi wa mji wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba. Mwadui ni nyumbani kabisa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Williamson ulipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya wananchi wa Wilaya ya Kishapu. Kwa bahati njema hakufa mtu. Sera ya nchi haiwezi kujengwa juu ya bahati njema.

Ni vyema tukakumbushana namna madhara haya yanavyotokea, maana wengi hudhani sumu ya mgodi ni sayanaidi peke yake. Mwamba wenye dhahabu au shaba mara nyingi huwa na madini ya salfa. Ukiwa chini ya ardhi hauna neno. Ukichimbuliwa, ukasagwa na kurundikwa juu, hewa na maji ya mvua huuingia, nayo salfa hugeuka asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini mengine yaliyomo, kama vile aseniki na risasi, na kuyapeleka polepole mpaka kwenye visima na mito. Kazi hiyo yaweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa na mwenye mgodi kuondoka. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega ulikoma uzalishaji mwaka 2014 na Buzwagi ya Kahama mwaka 2021. Itakuja zamu ya mingine, na wakati huo kijiji kitakachokuwa na kumbukumbu za vipimo vya miaka ishirini ndicho kitakachoweza kudai haki yake kwa hoja.

Thamani ya kumbukumbu hizo tulijifunza kwa uchungu katika Mkoa wa Mara. Mei 2009 maji machafu ya mgodi wa North Mara yalivujia katika Mto Tigithe. Wananchi walisema watu na mifugo wamedhurika. Kampuni ilikanusha, ikaeleza kwamba uvujaji ulitokana na watu walioiba plastiki zilizotandikwa kuzuia maji. Ubishi huo haukupata mwisho ulioridhisha pande zote. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la topesumu, na Julai likazuia bwawa hilo lisitumike. Zuio liliondolewa Septemba mwaka huo. Hatua ile ilikuwa ya kijasiri na tunaipongeza hata leo.

Kisha ukaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakaelea, na Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, mambo yaliyomaliza hewa ya oksijeni majini. Wananchi wengi hawakukubali, na wengine walicheka. Sisi hatutaki kuifanya upya kazi ya wanakemia. Tunachouliza ni hiki: kwa nini maelezo ya wataalamu wa Taifa yapokewe kwa kicheko? Mtu anayeona vipimo vya mto wake vimebandikwa kila mwezi huweza kuona mwenyewe oksijeni ilivyoshuka na lini ilishuka. Anayeletewa jibu moja siku moja, baada ya miaka ya kutoambiwa kitu, hulipima kwa mashaka yake. Kamati ile huenda ilikuwa na haki kabisa na bado isingeaminiwa.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuseme hivi, nayo inatuhusu sisi tulio upande wa Chama na Serikali kuliko makampuni. Tangu makubaliano na kampuni ya Barrick yaliyotiwa saini Januari 2020, Taifa lina asilimia 16 ya hisa katika migodi ya kampuni hiyo hapa nchini, chini ya kampuni ya Twiga. Mwadui pia tuna hisa. Huo ni ushindi wa wavuja jasho wa nchi hii, na waliokuwa wakisema hauwezekani sasa wamenyamaza. Lakini mwenye hisa hungoja gawio, na mkaguzi wakati mwingine hulazimika kuufunga mtambo unaoleta gawio hilo. Serikali sasa imevaa kofia zote mbili. Mtu wa tatu wa kumtazama mkaguzi asilegee anatakiwa, na mtu huyo ni mwananchi mwenye taarifa mkononi.

Hapo ndipo suala la taarifa za tabianchi linapoingia, ambalo baadhi ya watumishi wenzetu hulichukulia kama mtindo wa Wazungu. Kwa sehemu tunawaelewa. Nchi yetu imechangia kidogo mno katika kuichafua anga, na si haki mkulima wa Geita afundishwe toba na wale waliochoma makaa ya mawe kwa karne mbili. Hata hivyo tumetoa ahadi. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambavyo ingekuwa bila hatua yoyote. Mgodi unaoacha jenereta za dizeli na kuingia katika Gridi ya Taifa, yenye megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, unatimiza sehemu ya ahadi hiyo na kupunguza mafuta tunayonunua kwa fedha za kigeni. Biashara nayo inadai hivyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka betri za magari zitaje hewa ukaa iliyotumika kuzitengeneza, tangu kwenye machimbo. Nikeli ya Kabanga na kinywe cha Mahenge vitaulizwa swali hilo.

Lakini kwa mwananchi jambo kubwa zaidi ni mvua. Ukuta wa bwawa la topesumu hukadiriwa kwa kumbukumbu za mvua zilizopita. Mvua zikibadilika, hesabu ile ya zamani haitoshi. Desemba 2023 tuliona matope ya Mlima Hanang yalivyoufunika mji wa Katesh. Pale hapakuwa na mgodi, ni mlima tu na mvua. Juni 2023 bodi ya kimataifa ijulikanayo kama ISSB ilitoa kiwango cha taarifa kiitwacho IFRS S2, kinachozitaka kampuni zinazokifuata zieleze hatari za tabianchi zinazoweza kuwapata, yakiwamo mafuriko. Kiwango hicho kimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji, ili ajue kama fedha zake ziko salama. Basi mtu mwenye hisa Toronto aweza kusoma kwamba bwawa fulani la mkoa wetu liko katika hatari ya mvua kubwa, na mwalimu ambaye shule yake iko bondeni chini ya bwawa hilo hana habari. Mmoja anaweza kupoteza gawio la mwaka. Mwingine ana watoto mia tano darasani. Jambo hili hatuwezi kulikubali, na hata viwango vya kimataifa vya mabwawa vya Agosti 2020, vilivyotungwa baada ya Brumadinho, vinataka watu wa bondeni waelezwe.

Tusiwasahau wachimbaji wadogo. Hawana ofisi ya mazingira wala mhasibu wa hewa ukaa, na zebaki wanayokamatia dhahabu huchomwa uani, karibu na jiko. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwao taarifa haina maana bila mtambo mbadala na mkopo wa kuununulia, na hilo linastahili makala yake.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila mgodi wenye bwawa la topesumu utoe kila baada ya miezi mitatu karatasi moja ya Kiswahili: vipimo vya maji katika mito na visima vinavyotajwa kwa majina yake, kimo cha maji bwawani na kimo kisichopaswa kupitwa, mvua iliyonyesha, dizeli na umeme uliotumika, na dhamana iliyowekwa kwa ajili ya kufukia mashimo siku ya kufunga. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji, zahanati na shuleni, na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Afisa mazingira wa wilaya ailinganishe na sampuli alizochukua mwenyewe. Tunajua afisa huyo ana kazi nyingi na vitendea kazi vichache. Madiwani wanaopitisha bajeti kila mwaka wanajua pia, na wanajua fungu la posho za vikao lilivyo.

Walimu wa sayansi wana nafasi ya pekee. Kipima mvua si chombo cha gharama, wala karatasi za kupimia uchachu wa maji. Darasa linaloandika mvua ya kila siku na uchachu wa mto kila wiki linajifunza kemia na jiografia, na daftari lake ni ushahidi ambao kampuni haikuuandika.

Tumesikia hoja kwamba takwimu mikononi mwa wananchi zitaleta taharuki. Wananchi wa Kishapu hawakupewa takwimu, wakapewa tope. Mtumishi anayeficha kipimo kibaya ili kuepusha maneno hamlindi mwekezaji, kwa kuwa siku bwawa linapopasuka mgodi nao husimama, kama ulivyosimama ule wa Mwadui kwa miezi kadhaa, na mishahara ya wafanyakazi husimama pamoja nao.

Mvua za masika huanza Machi. Kabla ya hapo kila halmashauri yenye bwawa la topesumu katika eneo lake iuandikie mgodi barua kuuliza mambo matatu: ukuta umekadiriwa kwa mvua ya kiasi gani, mara ya mwisho hesabu hiyo ilifanywa upya lini, na kengele ikilia usiku watu wa bondeni wakimbilie wapi. Majibu yaletwe kwa Kiswahili, na nakala zipelekwe kwa watendaji wa vijiji na walimu wakuu wa shule zilizoko bondeni.