Ofa Yako kwa Mchoma Nyama

Boom likiingia tunajuana. Jioni ya kwanza ni nyama choma. Mchoma nyama akituchagulia kipande kizuri, mmoja wetu anamwita mhudumu: "Mpe na yule wa jikoni moja ya baridi, nalipa mimi." Tunajiona tumetenda wema. Naomba tuache.

Mjomba wangu alikuwa mchoma nyama kwenye baa moja mjini Ruangwa. Kwetu Nandagala, kama kwa Wamwera wengi, mjomba si mtu wa pembeni. Mtoto akiugua au akitaka kuoa, yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Alipoanza kazi hakuwa mnywaji. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, ila ofa hazikuchelewa. Kwa usiku mmoja alipata chupa nne au tano za bure, amesimama mbele ya moto tangu saa kumi jioni na hajala. Baada ya miaka miwili hakusubiri ofa tena, alikopa kaunta na deni likakatwa kwenye mshahara. Mkewe, aliyekuwa akiosha vyombo hapohapo, akabaki kulisha watoto watatu kwa mshahara wake peke yake.

Bibi alimrudisha kijijini aache pombe. Usiku wa pili akatetemeka, kisha akaanguka degedege. Tukasema amelogwa. Nesi ndiye aliyetueleza kwamba mtu aliyekunywa sana kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata hali hiyo, hata kufa, na kwamba kuacha kwake kunatakiwa kusimamiwa hospitali. Tukampeleka, akapona. Akavuka hata msimu wa korosho, wakati mabibo yanakamuliwa uraka na wengine wanapika gongo uani. Jua likizama, yeye alikuwa ndani kwa bibi.

Kisha akarudi kazini, maana ndiyo kazi aliyoijua. Wateja walifurahi kweli. "Mzee umerudi! Mpeni moja!" Alikataa wiki mbili. Wiki ya tatu akapokea.

Najua mtaniambia: ni mtu mzima, si angekataa? Jamani, yule anaishi kwa wateja. Akikataa ofa anaambiwa anaringa, na mteja anahamia baa ya jirani. Bosi naye anapenda ofa, kwa sababu kila chupa anayonunuliwa mfanyakazi ni mauzo. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, ikafanya vizuri. Lakini hakuna marufuku inayofika kwenye ofa. Hapo ni mimi na wewe tu.

Tena tuna upendeleo wa ajabu. Tangu mwaka 2011 waraibu wa heroini wanapewa methadone pale Muhimbili. Mgonjwa anakwenda kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Huyo tumeanza kumwelewa kuwa ni mgonjwa. Mlevi wa pombe tunamcheka, tunamrekodi video, halafu tunamnunulia nyingine.

Sisi wa ualimu jambo hili linatuhusu mara mbili. Binti wa mjomba alikuwa akisinzia darasani, akachapwa kwa uvivu. Hakuna aliyemuuliza amelala saa ngapi. Alikuwa akimsaidia mama yake kuosha vyombo hadi baa inafungwa, kisha wanamkokota baba nyumbani. Tutakapokwenda mazoezi ya kufundisha tutakutana na mabinti kama huyo. Tuulize kwanza.

Ninachoomba si kikubwa. Ukitaka kumshukuru mchoma nyama, mpe hela mkononi, au mnunulie chakula, maana mara nyingi anayepika ndiye mwenye njaa. Akisema hanywi, usimuulize kwa nini. Na wenye baa walipe mishahara kwa wakati, wasikopeshe wafanyakazi pombe.

Mjomba aliacha tena. Safari hii hakurudi baa. Yeye na shangazi wanauza supu na chapati asubuhi, na saa tano wameshafunga. Leo ana miezi minne. Sijui kama atafika mitano, na yeye mwenyewe anasema hajui, anahesabu siku tu. Ukipita Ruangwa ukamkuta, kunywa supu, lipa, mwambie asante. Inatosha.