FEDHA ZA KUCHUNGUZA NAFSI ZETU

Elimu ya nafsi ya mtu, yaani saikolojia, wengi bado huihesabu kuwa ni anasa ya wasomi. Fikira hiyo haifai kuachwa iendelee. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba ulimwengu hupoteza siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara ikadiriwayo kuwa dola trilioni 1. Siku hizo ni za makuli, wauguzi, walimu na madereva. Basi jambo hili ni la mfanyakazi kabla ya kuwa la msomi.

Hapa Tanzania wapo vijana walio tayari kulishughulikia. Chuo cha Muhimbili hufundisha shahada ya uzamili katika saikolojia ya tiba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina masomo ya uzamili ya saikolojia ya jamii. Lakini kijana akishapokelewa ndipo huanza kutafuta ada, na akishapata ada huanza kutafuta nauli ya kumfikisha kwa watu anaotaka kuwachunguza. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2004, huelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwa shahada ya kwanza. Hilo hatulipingi. Lakini mfanyakazi aliyekopeshwa wakati ule hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi ili kulipa deni. Je, huyu atoe wapi ada ya uzamili?

Yafaa ieleweke kwa nini utafiti huu hauwezi kuagizwa kutoka nje kama kitambaa. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Arnett alionyesha kwamba katika majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Vipimo vilivyokatwa kwa miili ya wengine huenda visitutoshe. Ndiyo maana watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani walikijaribu kipimo cha Hopkins kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI mjini Dar es Salaam, wakatoa matokeo mwaka 2002. Bila kazi ya namna hiyo, muuguzi aweza kumwacha mgonjwa aende zake, au kumwita mgonjwa mtu aliye mzima.

Tutoe mfano mwingine. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Kenya na Tanzania, walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi. Tiba ilipokwisha, watoto walioipata walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne. Baada ya miezi 12 faida hiyo ilibaki Kenya. Tanzania watoto wa pande zote mbili walikuwa sawa. Kwa nini? Swali hilo ni letu, na lingemfaa sana mwanafunzi wa hapa. Lakini fedha za jaribio zilitoka Serikali ya Marekani. Twawashukuru waliozitoa, ila mtegemea cha nduguye hufa maskini: atoaye fedha ndiye achaguaye swali.

Hatusemi milango ya nje ifungwe. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola umekuwapo tangu mwaka 1960. Ule wa Chevening wa Uingereza hutaka mwombaji awe amefanya kazi saa 2,800, kisha arudi kwao kwa miaka miwili, sharti ambalo sisi twaliona jema. Wafanyakazi wenye sifa wasisite kuomba.

Lakini nyumba hujengwa na wenyewe. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulizitaka nchi wanachama zitenge walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sisi twadai mambo matatu. Kwanza, Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulio chini ya COSTECH, utenge fungu dogo lijulikanalo kwa tasnifu za uzamili za saikolojia. Pili, kila mhadhiri apataye fedha za utafiti, za ndani au za nje, amtengee mwanafunzi mmoja nafasi na nauli. Tatu, waajiri na vyama vya wafanyakazi vichangie uchunguzi wa maradhi ya nafsi mahali pa kazi, kwa maana hasara yake wanaibeba wao.

Fedha inayotakiwa si nyingi. Tasnifu moja haihitaji maabara ya mitambo. Yahitaji nauli, karatasi, na muda wa kumsikiliza mtu kwa lugha yake. Taifa linaloshindwa kulipia hayo litaendelea kuelezwa na wengine lilivyo.