Mama Aachwe Peke Yake na Simu, Ndipo Kosa Litaonekana

BUTEMBO – Mashirika ya kiutu yanapoleta programu mpya ya simu kwa wakimbizi wa ndani, husema imekwisha kujaribiwa. Imejaribiwa na nani? Mara nyingi agenti husimama pembeni: «Mama, bonyeza hapa. Hapana, pale juu.» Mama anabonyeza, agenti anaandika kwamba inafanya kazi.

Jaribio hilo linapima agenti, halipimi programu. Siku pesa ya msaada inapoingia kwenye M-Pesa au Airtel Money, agenti hayuko. Menyu inaweza kujifunga kabla mtu hajamaliza kusoma. Mama anampa kijana wa jirani simu, pamoja na namba yake ya siri. Pesa ikipotea, ataambiwa hakuwa mwangalifu. Ni nani atasema kwamba menyu ndiyo mbaya?

Kuna njia nyingine: mtu anatumiwa kazi moja, anaifanya peke yake nyumbani, saa anayotaka, bila msimamizi, na programu inaweka kumbukumbu ya mahali alipobonyeza na alipokwama. Huku inafaa sana. Wakimbizi wengi wanaishi katika familia zilizowapokea, si kambini, na barabara ya Beni–Eringeti si ya kutumia fundi na daftari lake kila wiki.

Kuanza si kazi kubwa. Ichaguliwe kazi moja ya kweli: «Pesa imefika. Angalia ni kiasi gani, bila kumuuliza mtu.» Itumwe kwa sauti, kwa Kinande na kwa Kiswahili cha hapa. Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200, ilionyesha kwa uchungu kwamba ujumbe wa Kifaransa au wa Kiswahili cha vitabuni haufiki kwa kila mtu. Pesa iwe ya mfano tu, akaunti pia. Na mega zitumwe kabla ya jaribio, si baadaye. Mkimbizi hawezi kukopesha shirika.

Mwenye simu ndogo ya vibonyezo asiachwe nje. Skrini yake hairekodiwi, lakini mtambo wa menyu unaona ni hatua gani aliishia.

Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kuonyesha makosa mengi. Sawa, lakini watano wa katikati ya mji wa Butembo si watano wa Oicha, wala si waliokimbia Kanyabayonga mwaka 2024. Tena, pasipo msimamizi wengine wataacha njiani, kwa hiyo waalikwe zaidi. Kumbukumbu inaonyesha mtu alikwama wapi; kwa nini alikwama, lazima apigiwe simu.

Jambo moja halina mjadala. Jina, mahali anapolala mtu na namba ya siri visirekodiwe kamwe. Katika eneo lenye watu wenye silaha, orodha ya wakimbizi ikivuja inaweza kuua.

Mashirika hujibu kwamba dharura haingoji. Jaribio hili linaomba siku chache. Foleni ya malalamiko baada ya programu kushindwa hukaa miezi, na wanaosimama humo ni akina mama wenye watoto mgongoni. Basi kwenye mkutano ujao, kamati za wakimbizi ziulize kabla ya kupiga makofi: ni wangapi kati yetu waliijaribu bila agenti, na wangapi walifika mwisho?