Lubero: Karatasi ya shamba kwanza, mche wa tofaa baadaye

Milima ya Lubero, Kivu Kaskazini, ina baridi inayofaa matofaa, au pome kama yanavyoitwa sokoni Butembo. Kwa hiyo familia zilizokimbia vita, hasa tangu Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi Juni 2024, husikia ushauri uleule: pandeni matofaa, mtainuka. Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayoumiza.

Ni kweli, mahali ndilo jambo la kwanza. Mti wa tofaa unataka mwinuko, udongo wenye kina na usiotuamisha maji. Bondeni hapafai: maji yakisimama mizizi huoza, na hewa baridi ya usiku hushuka na kukaa hukohuko. Kileleni upepo hupukutisha maua. Mahali pake ni katikati ya mteremko, penye jua. Tena isipandwe aina moja tu, kwa sababu matofaa mengi hayazai vizuri bila chavua ya aina nyingine.

Lakini mkimbizi wa ndani atapewa na nani mteremko mzuri? Mara nyingi hukodishiwa kipande kilichobaki, kwa msimu mmoja, cha maharagwe au viazi. Mti wa tofaa hungojewa miaka mitatu hadi mitano. Na kwa desturi kupanda mti ni kama kudai ardhi; ndiyo maana wenye mashamba wengi huwakataza wapangaji. Anayepanda kwa ruhusa ya mdomo tu anaweza kufukuzwa mwaka uleule matunda yanapoanza.

Wanaogawa miche bila kuuliza shamba ni la nani wanamtajirisha mwenye shamba kwa jasho la mkimbizi. Wanahesabu miche iliyotolewa, hawahesabu nani amevuna.

Wengine husema: mkimbizi atarudi kwao, miti ya nini? Basi apewe mbegu za kabichi na viazi, watoto wale baada ya miezi michache. Akitaka matofaa, yaandikwe makubaliano ya miaka kumi, mbele ya chifu wa kijiji na mashahidi: mavuno yatagawanywaje, na miti italipwaje siku atakapoondoka. Bila karatasi hiyo, hata mteremko ulio bora kuliko yote Lubero si mahali pa kupanda tofaa.